Watoto wote wamejibu "huduma ni nzuri": dodoso limekosea wapi?

SWALI: Ndugu mtaalamu, ninafanya kazi katika shirika linalohudumia familia. Tumepewa jukumu la kukusanya maoni ya watoto wa miaka 7 hadi 15 kuhusu usawa katika kupata huduma za msingi: matibabu, maji, msaada wa masomo na ushauri nasaha. Tuligawa dodoso shuleni, maswali ya ndiyo au hapana. Karibu wote wamejibu kwamba huduma zinapatikana na zinatolewa kwa haki. Lakini sisi wenyewe tunawafahamu watoto wasiozipata. Mkuu wangu anasema tuwasilishe matokeo kama yalivyo, na kwamba mtoto mdogo haelewi usawa ni nini. Je, kasoro iko kwenye dodoso au kwenye umri wa watoto?

JIBU: Ndugu msomaji, kasoro iko kwenye dodoso, na pia mahali mlipoligawia.

Nianze na mahali. Mliwauliza watoto waliokuwa darasani siku hiyo. Anayebaki nyumbani kumuuguza mzazi, anayefanya kazi, mwenye ulemavu ambaye hakuandikishwa, aliyekosa cheti cha kuzaliwa akakataliwa, wote hao hawakuiona karatasi yenu. Mmepima maoni ya waliokwisha kufikiwa, kisha mkayaita maoni ya watoto. Majibu hayo msiyatupe, ila yaandikieni kichwa cha kweli: maoni ya watoto waliopo shuleni. Hapo mkuu wako anaweza kuyawasilisha kama yalivyo bila kumpotosha mtu.

Sasa maswali yenyewe. Mwaka 1980 watafiti Martin Hughes na Robert Grieve waliwauliza watoto wa miaka 5 na 7 maswali yasiyo na jibu, kama vile "maziwa ya kunywa ni makubwa kuliko maji?" na "nyekundu ni nzito kuliko njano?" Karibu wote walijibu. Mtoto akiulizwa na mtu mzima hudhani kwamba jibu lipo na kwamba anatakiwa alitoe. Ongeza hapo ndiyo na hapana, mwalimu amesimama karibu, na mtoto anajua shirika lenu ndilo linalolipia masomo ya dada yake. Ungetegemea aandike nini?

Kuhusu umri, mkuu wako amekosea, na ni vizuri aambiwe kwa heshima. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inampa kila mtoto anayeweza kuunda maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu. Kamati inayosimamia mkataba huo, katika Maoni ya Jumla (ufafanuzi wake wa mkataba) namba 12 ya mwaka 2009, ilizihimiza nchi zisiweke umri wa chini wa kusikilizwa, na ikasema mtoto achukuliwe kuwa na uwezo huo bila kutakiwa kwanza kuuthibitisha. Kwa upande wa saikolojia, mtafiti Ernst Fehr na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa miaka 3 na 4 wengi hujipendelea katika kugawana, lakini wanapofika miaka 7 na 8 wengi huchagua mgao unaoondoa tofauti, hata pale tofauti ingewanufaisha wao. Watoto wenu wadogo kabisa wako kwenye umri huo.

Wanachoshindwa ni kujibu neno tupu, "usawa". Waulize tukio. Badala ya "je, huduma za afya zinapatikana?", sema: "Mara ya mwisho ulipougua, ilikuwaje?" Kisha fuata njia yote pamoja naye: nani alijua kwamba unaumwa, nani aliamua mwende au msiende, mlifikaje, nani aliwapokea, ulielewa ulichoambiwa, ulirudi na dawa au mikono mitupu? Ukosefu wa haki hujificha katikati ya hatua hizo, na mtoto anazikumbuka.

Mtashangaa jinsi wanavyoizungumzia namna ya kutendewa. Watu wazima huhesabu nani amepata. Mtoto anaeleza kwamba majina ya wanaosaidiwa yalisomwa mbele ya wenzake, na tangu hapo hataki kuitwa tena. Kwenye daftari lenu huyo amehudumiwa. Kwangu mimi hilo ni pengo la huduma sawa na umbali au gharama, na linaumiza zaidi kwa sababu limetengenezwa na sisi tunaosaidia.

Katika kupanga majibu, tumia vigezo vya Maoni ya Jumla namba 14 ya mwaka 2000 kuhusu haki ya afya, yaliyotolewa na kamati nyingine ya Umoja wa Mataifa, ile ya Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni: huduma ipo? Inafikika bila ubaguzi, kwa umbali, gharama na taarifa? Inakubalika kwa anayeipokea? Ina ubora? Vinafaa hata kwa maji na masomo. Mtoto akisema "kule wanamjua mama", usiliweke kapuni kama maneno ya pembeni. Ni suala la kukubalika, na huenda pia la siri.

Kwa yale mazito, tumia kisa cha mtoto wa kubuni mwenye rika lao, muulize angekwama wapi. Hapo wanasema mengi bila kujianika. Waulize pia, bila majina, ni watoto wa aina gani hawaonekani kwenye huduma hizo. Majibu hayo yatawaelekeza nyumba za kuzifikia. Mtoto kiziwi apate mkalimani wa lugha ya alama asiye mzazi wake, la sivyo mtaandika maoni ya mzazi.

Kabla ya yote hayo, mzazi au mlezi aridhie, na mtoto mwenyewe aridhie, akijua anaweza kunyamaza au kuondoka bila kupoteza msaada wowote. Msimwahidi siri kamili. Mwambieni mapema kwamba akieleza jambo linalomhatarisha mtamshirikisha mtu wa kumlinda, na mtu huyo awe ameshapatikana kabla ya mahojiano ya kwanza.

Limebaki jambo ambalo mashirika mengi huliruka. Laura Lundy, mtafiti wa haki za watoto, alieleza mwaka 2007 kwamba Ibara ya 12 inadai vitu vinne: nafasi ya kutoa maoni, sauti, hadhira (mtu wa kuwasikiliza) na ushawishi (maoni yao kufanyiwa kazi inapofaa). Dodoso lenu limegusa viwili vya kwanza, tena kwa juu juu. Kabla ya kurudi kwa watoto, mtafuteni mwenye mamlaka juu ya bajeti na ratiba za huduma hizo, akubali kuwasikiliza, na pangeni tarehe ya kuwarudia kuwaeleza kilichobadilika, kisichobadilika na sababu zake. Akikosekana mtu huyo, ahirisheni mahojiano mpaka apatikane.