Shangazi, shemeji anataka kuniwekea injini nyingine

*Shangazi, asalaam aleikum. Mimi ni mjane wa Bombo. Marehemu mume wangu aliniachia Prius ya 2010, na ndiyo inayonipeleka Kampala siku sita kwa wiki na mikeka na vikapu vyangu, kilomita 70 kwenda na kurudi. Tangu mwaka jana nikiiwasha asubuhi ilikuwa inatetemeka kama mtu mwenye homa, halafu baada ya dakika moja inatulia. Maji yalikuwa yakipungua na chini sioni hata tone. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ana gereji hapa mjini. Alikuwa akiongeza maji ya bomba tu. Mwezi uliopita ikachemka usiku pale Matugga, nikaogopa kusimama, nikaendesha hivyo hivyo hadi nyumbani. Sasa haiwaki. Shemeji anasema injini imekufa, ataniletea nyingine kutoka Kisekka, soko la vipuri Kampala, kwa shilingi milioni sita na nusu pamoja na kazi, nitangulize tatu. Kijana wangu wa chuo anasema tuiuze ilivyo, kuna mtu anatoa milioni nane. Akiba yangu yote ni milioni tisa. Nikikataa, ukoo utasema nimemdharau shemeji. Na kila nikifungua mlango naiona tasbihi ya marehemu kwenye kioo, nashindwa hata kufikiri. Nifanyeje? Mama wa Bombo*

Waaleikum salaam, mwanangu, na pole kwa msiba. Huku kwetu Uganda ukimtaja shangazi watu wanamfikiria Ssenga, yule wa kumfunda binti kabla hajaolewa, na leo mimi naulizwa habari za injini. Haya. Sikutaka kukujibu kwa kubahatisha, kwa hiyo nilikaa mchana mzima na mafundi wawili wa magari ya haibridi, yaani ya petroli na umeme kama lako, nikawanunulia chai na chapati, nikawasomea barua yako. Sikuwa nimefika kwenye habari ya shemeji walipotazamana. Kutetemeka asubuhi, maji kupungua bila kuvuja, halafu kuchemka: walisema hiyo ni hedi gasketi, na Prius za toleo lako, zile za injini ya 1800 zilizoanza 2009, zinajulikana kwa ugonjwa huo.

Nikueleze walivyonieleza mimi, maana ukishaelewa hapa hutadanganywa kirahisi. Injini hiyo ina njia ya kurudisha sehemu ya moshi ndani ili uunguzwe tena. Moshi huo hupita kwanza kwenye kipoza chake, mafundi wanakiita "cooler" ya EGR (EGR ndiyo hiyo njia ya kurudisha moshi). Miaka ikienda kipoza hujaa masizi mpaka hakipitishi vizuri, moto unazidi ndani ya silinda, na ile gasketi, kizibo chembamba kilicho kati ya mwili wa injini (bloku) na kichwa chake (silinda hedi), inachoka. Usiku gari likiwa limelala, maji yanachuruzika kidogo kidogo ndani ya silinda. Asubuhi ukiwasha, silinda hiyo ina maji, ndiyo unaona homa. Maji yakishatoka kwa bomba la moshi linatulia, nawe unasema alhamdulillahi, limepona. Halikupona. Lilikuwa likikuita kwa miezi.

Basi jambo la kwanza ninalokuambia, kabla ya habari ya pesa: hakuna aliyekwisha kuthibitisha kwamba injini yako imekufa. Shemeji hajafungua kitu. Injini ikikubali kuwaka, kuna kipimo rahisi cha dawa ya buluu inayoshikwa ndani ya kichupa juu ya mdomo wa kujazia maji. Moshi wa injini ukiwa umeingia kwenye maji, dawa inageuka manjano. Kuna kamera nyembamba inayoingizwa kwenye tundu la plagi, unaona kichwa cha pistoni kwa macho yako, na pistoni iliyooshwa na maji hung'aa kuliko wenzake. Hayo yote hayafiki hata robo ya ile milioni tatu unayoambiwa utangulize.

Kama ni gasketi peke yake, hedi inafunguliwa, inapimwa kama imepinda (ni ya aluminiamu, na wewe uliiendesha ikichemka, kwa hiyo yaelekea imepinda), uso wake unasawazishwa kwa mashine, inafungwa na gasketi mpya na bolti mpya. Hiyo ni kazi ya kawaida kwa fundi anayejua.

Lakini kuna swali moja nataka ulijibu mwenyewe kwanza, kwa kukumbuka vizuri: siku za mwisho, ulipowasha asubuhi, ulisikia mlio mzito wa kugonga, *gong, gong*, kama mtu anapiga sufuria kwa mchi? Prius haina stata ya kawaida. Injini yake inazungushwa na mota kubwa ya umeme iliyo ndani ya giaboksi, na mota hiyo ina nguvu kweli. Silinda ikijaa maji, maji hayabanwi, mota haijali, inazungusha tu, na kitakachokubali ni fimbo ya pistoni: inapinda. Fimbo ikipinda, gasketi mpya ni pesa ya kutupa. Hapo ndipo habari ya injini nyingine inapokuwa na maana.

Sasa tuseme imefikia hapo. Injini ya Kisekka inatoka wapi? Inatoka kwenye gari jingine la Japani la umri ule ule, lenye masizi yale yale kwenye kipoza kile kile. Hujui ilikimbia kilomita ngapi, na hakuna dashibodi ya kukuonyesha. Ukiichukua ilivyo na kuifunga kwenye radieta iliyokaa na maji ya bomba mwaka mzima, pamoja na pampu ya maji iliyochoka, umenunua ugonjwa ule ule kwa milioni sita na nusu. Wale mafundi wangu walikubaliana jambo moja tu bila kubishana: injini ikiwa bado chini, kabla ya kuingia kwenye gari, inafunguliwa hedi, inawekwa gasketi mpya, kipoza cha EGR kinasafishwa au kinabadilishwa, na pampu ya maji ya umeme inawekwa mpya. Kisha kulanti halisi, yale maji maalumu ya kupozea injini, maji ya bomba yakome. Muulize shemeji kama hayo yamo kwenye bei yake. Nadhani hayamo.

Na asome herufi. Injini yako ni 2ZR-FXE. Ile ya Corolla ni 2ZR-FE, ukiiweka kando utadhani ni pacha, lakini hazilingani: yako imebana mara 13 na haina mkanda wa kuzungusha oltaneta kwa sababu oltaneta haipo. Asikubali kuuziwa ya Corolla kwa ulimi mtamu. Akitaka kupanua utafutaji, Prius Alpha na Lexus CT200h zinabeba injini hiyo hiyo ya FXE.

Nije kwenye betri, kwa maana hapa ndipo watu wanapolia mara ya pili. Nyuma ya kiti cha nyuma una betri kubwa ya vipande 28, jumla yake volti 200 na kitu. Unaweza kuweka injini leo, na baada ya miezi minne taa ya onyo ikawaka, betri. Kabla hujatoa hata senti ya injini, mtu mwenye mashine ya kusoma aipime betri hiyo sehemu kwa sehemu, aone kama kuna inayoshuka haraka kuliko nyingine. Nami nina wasiwasi na betri yako kwa sababu moja uliyoiandika bila kujua. Unabeba mikeka. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu lenye wavu mdogo kama kichujio. Betri inavutia hewa ya kupoa hapo. Mikeka ikilaliwa juu yake miaka yote, na vumbi la barabara yetu ulijualo, betri imekuwa ikipumua kwa shida. Hata ukiamua lolote, tundu hilo lisafishwe na mizigo isiliguse tena.

Hesabu. Tufanye lita ya petroli ni shilingi 5,000 ili tusijichoshe. Prius nzima hukupa kilomita kama 20 kwa lita, kwa hiyo safari yako ya siku inakula lita tatu na nusu, shilingi 17,500. Gari la kawaida la ukubwa huo, kwa foleni ya Kawempe na Bwaise, tuseme kilomita 12 kwa lita: karibu lita sita, kama 29,000. Unaokoa 11,500 kwa siku, kwa siku 25 za mwezi ni karibu 290,000. Ile milioni sita na nusu itarudi baada ya karibu miaka miwili, kama hakuna kingine kitakachoharibika. Ndiyo maana nasisitiza betri. Gari hili lina sababu ya kutengenezwa ikiwa tu litakaa miaka miwili bila kukudai tena kitu kikubwa.

Na nikuambie ukweli ambao hukuniuliza: kwa wewe peke yako, taksi, zile matatu za abiria, ni nafuu kuliko hata petroli ya gari lako. Kinachokufanya uhitaji gari ni mizigo. Kabla ya kuamua, jaribu wiki mbili kupeleka mikeka kwa gari la kukodi mara mbili kwa wiki na wewe upande taksi, uandike matumizi kwenye daftari. Ukiona biashara inakwenda, huna haraka, na asiye na haraka ndiye anayepewa bei nzuri.

Kuhusu kijana wako: hajakosea sana, ila amesahau jambo. Logibuku, ile kadi ya umiliki wa gari, ina jina la nani? Kama bado ni la marehemu, huna mamlaka ya kuuza, hata kama ufunguo uko kwenye pochi yako. Utapitia kwanza kwa Administrator General, ofisi ya serikali inayoshughulikia mali za marehemu, upate barua ya kutokuwa na pingamizi, kisha mahakamani kuomba hati ya kusimamia mirathi. Huyo wa milioni nane anayetaka kununua kwa karatasi ya mkono anajinunulia kesi na wewe anakuuzia nyingine. Anza karatasi hizo hata kama huuzi. Nasema hivyo pia kwa ajili ya injini: namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku, ukibadilisha lazima ibadilishwe na kwenye usajili, na utahitaji risiti halali ya uliponunua, polisi wasije wakakuuliza injini ya nani.

Sasa shemeji. Sitamsema vibaya, simjui. Lakini mtu aliyeongeza maji mwaka mzima bila kuuliza yanakwenda wapi, huenda ni fundi mzuri wa magari mengine. Muulize kwa heshima, kama unayetaka kujifunza: plagi ya kukata umeme wa betri iko wapi, na ukishaitoa unasubiri muda gani kabla ya kugusa? Iko nyuma kwenye buti, upande wa betri, na mtu hungoja dakika 10. Nyaya za rangi ya machungwa kwenye gari hilo, inveta ikishaupandisha umeme, hufika hadi volti 650. Kama hajui jibu, huyo hutakiwi kumwachia, na sababu si pesa. Hutaki kumzika ndugu wa pili.

Usimkatalie ana kwa ana peke yako. Mchukue wifi yako, yule mnayeelewana, mwende pamoja mkakae barazani kwake, mnywe chai, kisha useme: "Shemeji, nakushukuru kwa kusimama nasi. Pesa hii ni ya yatima, siwezi kuigusa kabla injini haijafunguliwa nikaona kwa macho yangu." Habari ya mali ya yatima hakuna mzee wa Bombo atakayeipinga, na yeye mwenyewe hataipinga mbele ya dada yake. Kisha umpe kazi yake: yeye alikokote gari, ashushe na kupandisha injini chini ya mtu wa haibridi, alipwe ujira wake. Hedi iende kwa wenye mashine Katwe. Na injini ya zamani, ikibadilishwa, irudi kwako, kwani vipande vyake vinauzwa. Kama alitarajia ibaki gerejini kwake, utajua siku hiyo.

Mimi uamuzi wangu ni huu: usitangulize milioni tatu. Pima kwanza. Gasketi tu na betri ikiwa nzima, tengeneza. Fimbo imepinda na betri nzima, nunua injini kwa masharti niliyokwambia, na isipite milioni saba yote kwa yote, vikitimia vyote hivyo. Milioni mbili zibaki za karo na za kula. Betri nayo ikiwa inakufa, maliza karatasi za mirathi, kisha uza, na usione haya. Ukienda kutafuta jingine, kumbuka tangu 2018 magari yaliyopita miaka 15 hayaruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo ya bei ya chini utayapata kwa watu, siyo bandani kwa wauzaji.

Siku gari litakapokokotwa, kabla hujampa mtu yeyote ufunguo, ingia ndani peke yako, ukae kiasi unachotaka. Kisha itoe ile tasbihi kwenye kioo uende nayo nyumbani. Gereji vitu vidogo hupotea.