Barua kwa mwanangu: kidole cha mjukuu wangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, nikausoma, nikaurudia. Unasema binti yako ametimiza miaka minne na nusu na bado ananyonya kidole gumba mchana na usiku, kwamba miezi minne ijayo anaanza shule, kwamba mama mkwe wako anashauri kidole kipakwe pilipili na mumeo anasema mtoto aachwe tu. Ukaniuliza ufanye nini. Halafu mwishoni kabisa, kwa sentensi moja fupi, ukauliza kama kuna kitu ulimnyima alipokuwa mchanga.

Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Hukumnyima kitu, mwanangu. Watoto huanza kunyonya kidole kabla hata ya kuzaliwa. Wapo wanaoonekana kwenye picha za ultrasaundi wamekitia mdomoni wakiwa bado tumboni. Kunyonya ni jambo wanalozaliwa nalo, kwa sababu bila hilo wasingepata maziwa. Baadaye mtoto hugundua kwamba kitendo kile kile kinamtuliza hata pasipo maziwa, na kidole anacho wakati wote, haombi ruhusa kwa mtu. Watoto waliolelewa kwa upendo mwingi hunyonya vidole, na wengine waliolelewa kwa upendo huo huo hawajawahi kunyonya. Hiyo hatia itue chini kabla hujaanza kazi yenyewe, kwa sababu mtoto akikuona una wasiwasi atazidi kukitafuta hicho kidole.

Sasa meno. Watoto wengi huacha wenyewe kati ya miaka miwili na minne. Wako amepita hapo kidogo, kwa hiyo simuungi mkono mumeo anaposema aachwe tu, lakini pia hakuna moto wa kuzima leo usiku. Meno ya mbele ya kudumu huanza kuota mtoto akiwa na umri wa karibu miaka sita. Hadi hapo mnayo nafasi nzuri ya kulimaliza jambo hili bila vita.

Madhara yenyewe huja hivi. Kidole kikikaa mdomoni muda mrefu huyasukuma meno ya juu ya mbele kuja nje na ya chini kwenda ndani, mpaka mtoto akiuma meno ya nyuma yale ya mbele hayakutani. Kinabaki kinafasi chenye umbo la kidole chenyewe. Wakati huo huo ulimi umekandamizwa chini, haupo juu unakotakiwa kuegemea kaakaa, na mashavu yanabana kwa ndani kila anapovuta. Taya ya juu inaweza kukua nyembamba na magego yakakosa kukaa sawasawa. Wengine hupata kitembe, ulimi unachungulia kwenye ile nafasi kila wanapotamka “s”. Lakini kiasi cha madhara hutegemea sana namna anavyonyonya. Kuna mtoto anayelaza tu kidole mdomoni, na kuna anayekivuta kwa nguvu hadi ukikichomoa unasikia mlio. Huyu wa pili ndiye wa kuhangaikia zaidi.

Kwa hiyo leo, mkiwa mnacheza, mwombe akuonyeshe meno. Aume ya nyuma, wewe utenganishe midomo taratibu uone kama ya mbele yanakutana. Tazama na kidole: kama kina sugu juu ya kifundo, au ngozi imelowa na kuchanika pembeni ya ukucha, ujue anakifanyisha kazi kubwa. Hapo pembeni ya ukucha pakivimba, pakawa pekundu na kuuma, huo ni mdudu wa kidole, mpeleke akatibiwe. Na ukikuta ile nafasi kati ya meno, usilie. Tabia ikikoma kabla ya meno ya kudumu kuota, mara nyingi taya inapoendelea kukua nafasi hiyo hujifunga yenyewe. Mpeleke hata hivyo kwa daktari wa meno amwangalie. Kuna faida ya pili katika safari hiyo: neno ambalo kwa mama limeshakuwa kelele za kila siku, likitoka kwa daktari mtoto hulisikia kama jipya. Mwombe daktari azungumze na binti yako moja kwa moja, asiongee nawe juu ya kichwa chake.

Mumeo amekutumia habari za utafiti unaosema wanaonyonya vidole hawapati mzio kwa urahisi. Utafiti huo upo kweli. Ulitolewa mwaka 2016, kutoka mji wa Dunedin huko New Zealand, ambako watoto zaidi ya elfu moja wamefuatiliwa tangu utoto hadi utu uzima. Walipopimwa ngozi wakiwa na miaka 13, waliokuwa wakinyonya vidole au kung'ata kucha walioonyesha dalili ya mzio walikuwa asilimia 38, na wasiokuwa na tabia hizo asilimia 49. Ila tofauti hiyo haikuonekana kwenye pumu wala kwenye mafua ya mzio, na watafiti wenyewe hawakuwashauri wazazi wawahimize watoto kunyonya. Mwambie mumeo, kwa upole, kwamba hiyo si sababu ya kungoja meno ya kudumu yaote yakiwa yamepinda.

Nifike sasa kwenye ninachotaka ukishike kuliko yote. Kabla hujamwondolea kidole, jua kidole kinamfanyia kazi gani. Kuna mtoto anayenyonya kwa sababu ana usingizi, mwingine amechoka, mwingine hana la kufanya mikono yake, mwingine ana hofu. Kwa nje wote wanafanana, na dawa zao hazifanani hata kidogo. Kwa siku kadhaa usimwambie neno lolote kuhusu kidole. Mwangalie tu. Kilipanda saa ngapi? Alikuwa ameketi wapi? Nani alikuwa ametoka kuongea naye? Na tazama sana ule mkono mwingine, kwa sababu watu huangalia kidole wakausahau. Watoto wengi hawanyonyi mpaka ule mkono mwingine uwe umeshika kitu: kona ya shuka, kitambaa, mdoli, nywele zao wenyewe.

Kaka yako alikuwa hivyo. Alinyonya kidole cha kulia huku mkono wa kushoto ukisokota ncha ya sikio langu, polepole, macho yamelegea. Nikikaa mbali naye, mkono ulikosa sikio, ukaelea hewani kidogo, na kidole nacho kikatoka mdomoni chenyewe. Nikamwambia kwamba mchana sikio la mama linapumzika, usiku atalipata. Sikugusa habari ya kidole kabisa. Mchana wake ukasafika kwa njia hiyo, kwa sababu vitu viwili vilivyozoeana ukikiondoa kimoja, cha pili hukosa ladha. Kwa hiyo ukiona binti yako ana kitambaa chake cha kushika, kitambaa kibaki kitandani mchana kutwa, uone itakuwaje.

Ukishajua saa zake, zungumza naye. Si wakati kidole kiko mdomoni, na si mbele ya watu. Ana miaka minne na nusu. Anaelewa zaidi ya tunavyomdhania. Mwambie meno mapya ya mtu mkubwa yako njiani na yanahitaji nafasi ya kuota yamenyooka. Kisha muulize kama angependa umsaidie. Akisema hapana, acha kwa wiki kadhaa, rudi tena. Mtoto asiyetaka hashindwi na mtu. Atakwenda kunyonya chini ya meza. Akitaka yeye, nusu ya kazi imekwisha.

Anza na mchana peke yake, na anza na kipande kidogo cha mchana, kwa mfano wakati wa kusomewa hadithi, au mkiwa safarini garini. Mfundishe cha kufanya kidole kinapotaka kupanda: akunje ngumi, gumba likae ndani, abane huku akihesabu taratibu hadi kumi au hadi hamu ipite. Fanyeni pamoja, nawe ukunje yako. Hili lina maana kuliko linavyoonekana, kwa sababu mkono uliokunja ngumi hauwezi kunyonywa, na mtoto anakuwa ana jambo la kutenda badala ya katazo tu. Mkubaliane na ishara ya siri kati yenu wawili, labda uguse pua yako, ili ukimwona amejisahau mbele ya wageni usilazimike kulitaja jina lake kwa sauti. Watoto wengi hawajui kabisa kwamba kidole kimeshaingia.

Kumsifu kuwe kwa jambo uliloliona. “Leo hadithi imeisha na mikono yako ilikuwa juu ya kitabu” inamfikia kuliko “mtoto mzuri” ya jumla. Kalenda ukutani ya kubandika nyota husaidia wengi wa umri wake, mradi abandike mwenyewe na zawadi isiwe ya mbali mno. Siku isiyo na nyota ipite kimya. Usimng'oe nyota aliyoipata jana kwa kosa la leo, hata ukiwa umechoka.

Kuhusu pilipili, nakuomba usikubali. Mkono huo huo utafika machoni, na utamwasha mtoto ambaye hajui alichokosea. Kubaya zaidi, unamchukulia kitulizo chake na kumpa maumivu kwa wakati mmoja. Sasa atulizwe na nini? Kumchapa, kumfunga vidole, kumcheka mbele ya binamu zake, kumwambia mdogo wake ana akili kuliko yeye, yote hayo yanamwongezea wasiwasi, na wasiwasi ndio unaompeleka kidoleni. Nayasema haya kwa ukali kwa sababu nimewaona watoto waliotiwa aibu wakaacha kidole na kuhamia kwenye kucha, wakazing'ata hadi damu. Zipo dawa chungu zilizotengenezwa kwa kupaka kwenye vidole vya watoto. Hizo, au plasta ndogo kidoleni, sizikatai iwapo mtoto mwenyewe ameziafiki kama ukumbusho, na kwa dawa muulize daktari kwanza. Tofauti ya ukumbusho na adhabu mtoto huijua papo hapo.

Mama mkwe wako usibishane naye. Ana nia njema na anampenda mjukuu wake. Mweleze alivyosema daktari wa meno, kisha mpe kazi: awe ndiye anayeonyeshwa nyota kila jioni. Mtu mzima aliyepewa nafasi ya kusifia hana haja tena ya kutafuta pilipili.

Usiku uache kwanza. Akilala hajui anachofanya, na kumlaumu asubuhi kwa jambo alilolitenda usingizini ni kumwonea. Mchana ukishatulia ndipo uingie usiku. Wengine hufanikiwa kwa kumvisha mtoto soksi laini mkononi, au nguo ya kulalia yenye mikono mirefu inayofunika vidole, achague mwenyewe. Mpe kitu cha kukumbatia kwa mikono yote miwili, kaa naye kidogo zaidi ya kawaida siku hizo za mwanzo, mkono wako juu ya mgongo wake, kwa sababu unamwomba avuke kuingia usingizini bila daraja alilolizoea. Akishalala fofofo na kidole kimo, kichomoe taratibu, uende zako.

Na shule. Miezi minne inatosha kuufanyia kazi mchana, kwa hiyo anza sasa. Ila wiki ya kwanza ya shule usimdai kitu. Akirudi nyumbani amechoka na kidole mdomoni, mwache apumzike. Ndivyo itakavyokuwa pia akiugua, au mkihama, au akipata mdogo mwingine. Kidole kitarudi kwa muda, na hilo si kuanza upya. Aliyejua kuacha mara moja huacha tena kwa urahisi. Zungumza na mwalimu mapema, faragha, umwombe asimtaje mtoto mbele ya wenzake na umwonyeshe ile ishara yenu.

Ikiwa atafika miaka sita, meno ya kudumu yanachomoza na bado ananyonya kwa nguvu, daktari wa meno anaweza kumwekea kifaa kidogo kwenye kaakaa kinachokizuia kidole kisipate mahali pa kukaa. Kinasaidia wengi. Mimi kwa umri wake wa sasa nisingeanzia huko, na sidhani daktari atakuambia uanzie huko.

Mengine ya nyumbani nitakuandikia wiki ijayo. Kwanza nijibu haya mawili: ukimwangalia meno, ya mbele yanakutana au hayakutani? Na mkono wake wa pili unashika nini? Mbusu kwa niaba yangu, msalimie mumeo, na mama mkwe wako umpe heshima zangu.

Nakupenda,
Mama