Kuuza Mark II iliyofungwa 1JZ hapa Dodoma

Mkuu, umeuliza kwa nini madalali wa Dodoma wanakupa bei ya Mark II GX110 ya kawaida wakati yako umeifunga 1JZ-GTE, ile injini ya Toyota yenye tabo, gia manyuali, rimu za 18 na umeishusha chini. Mimi niliuza ya aina hiyohiyo nikikaa Ilazo, nakujibu kwa niliyoyaona.

Dalali hakuonei. Mteja wake ni mtumishi anayetaka gari ya kwenda Mtumba asubuhi na kuteremka Moro mwisho wa mwezi. Huyo anauliza namba ya usajili ni D au E, inakula mafuta kiasi gani, AC inapiga? Ukimtajia tabo anawaza fundi. Akiona gari imelala chini anakumbuka matuta ya Kibaigwa na Gairo, biashara imekufa hapo. Hela uliyomwaga humo haimhusu.

Anza na kadi ya gari. GX110 ilitoka kiwandani na 1G-FE ya lita 2, na kadi inasoma namba ya injini hiyo. Kama mabadiliko hujayapeleka TRA, mnunuzi makini atafungua boneti, alinganishe namba, aage. Mimi nilimaliza hilo kabla ya kutangaza: risiti ya injini, ukaguzi wa polisi, kisha TRA. Inachosha kweli, ila ndiyo iliyonibebea bei kuliko rimu zote.

Halafu vua. Kama springi na rimu za mwanzo bado unazo, zirudishe. Koilova (springi za kushusha gari), rimu na geji za ziada viuze peke yake, watu wa Dar wanavitafuta. Vikibaki kwenye gari mnunuzi anavihesabu sifuri, na wengine wanavihesabu hasara. Sailensa nayo rudisha. Mtu akija na mkewe kuangalia gari, ile ngurumo inakufukuzia mteja kabla hamjasalimiana.

Injini usiiguse. Kurudisha 1G ni gharama juu ya gharama. Hapo sasa tafuta anayeijua hiyo mashine, na wengi wao hawako hapa. Maswali yao ni mengine kabisa: breki na difu ni vya GX au ulibadilisha? Waya alifunga nani? Aliyechukua yangu alikuja na fundi wake, wakaiwasha ya baridi waone moshi, wakapima komprishen, yaani mgandamizo, silinda zote 6. Walipokuta breki ni za JZX110 ya tabo, Mark II iliyotoka kiwandani na injini hiyo, ubishi wa bei ukapungua sana. Na usijitie kutangaza farasi 400 kama huna karatasi ya vipimo. Toyota wenyewe waliiandika 280, hao jamaa wanaijua hiyo namba kuliko siku zao za kuzaliwa.

Vijana wa "bro nizungushe kidogo tu" watakuja wengi. Funguo wasishike. Endesha wewe, mnunuzi akae pembeni, na usukani ashike baada ya kuweka kitu mezani.

Pesa ipitie benki, mkataba usainiwe kwa wakili, na umiliki msiache eti atabadilisha mwenyewe baadaye. Nendeni pamoja mkamalize, maana deni la trafiki linasoma kwenye namba ya gari, na gari ya hivi mikononi mwa kijana haikosi deni.