Unataka kuwa klauni? Pua nyekundu iache kwanza

Watu wananiuliza sana wafanyeje ili wawe maklauni, na swali linalofuata huwa ni pua nyekundu inapatikana wapi. Mi nawaambia pua iache kwanza, tafuta kikundi cha maigizo hapo mtaani unapoishi ujiunge nacho, hata kama ni cha watu wanaokutana jioni baada ya kazi, we nenda tu.

Sababu ni hii. Muigizaji wa kawaida anaweza kujifanya haoni watu waliokaa mbele yake, klauni hawezi. Kofia ikimdondoka anaiangalia, afu anawageukia watu, na kicheko kinatoka hapo kwenye kutazamana, sio kwenye kofia. Hiyo huwezi kujifunza chumbani mbele ya kioo. Watu wa mtaani kwenu hawakuonei haya, ukiwachosha wanaanza kupiga stori na watoto wanainuka wanaondoka, unajua hapo hapo umewapoteza wapi.

Ukishaingia usikimbilie nafasi kubwa. Panga viti, shika skripti uwakumbushe wenzako maneno, na siku ya onyesho simama pembeni ya steji uwaangalie watazamaji badala ya waigizaji. Mimi pale pembeni ndo nilielewa kwamba kicheko kinapanda, kinafika juu, afu kinashuka, na ukitamka neno lako kabla hakijaanza kushuka unakiua na neno lenyewe hakuna aliyelisikia.

Sasa pua. Jacques Lecoq, mwalimu Mfaransa wa maigizo aliyefungua shule yake Paris mwaka 1956, aliiita barakoa ndogo kuliko zote duniani, na mi nakubaliana naye kabisa. Ukiwa karibu na watu inatosha, huna haja ya kujaza rangi uso mzima. Klauni Joseph Grimaldi wa London, yule wa uso mweupe na mashavu mekundu mwanzoni mwa miaka ya 1800, alikuwa kwenye majumba makubwa ambako hata aliyekaa nyuma kabisa alitakiwa amuone.

Kwa watoto, naomba hili mlishike jamani, usimfuate mtoto. Kuna mmoja alijibanza nyuma ya gauni la mama yake hataki hata kuniona, nikakaa chini mbali naye, nikampa mgongo kidogo, nikawa nahangaika kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, nasukuma hakiingii, nakigeuza, nasukuma tena, akachungulia, akasogea, mwisho akaja mwenyewe kunionyesha mguu wenyewe ni upi. Yeye ndo anajua, klauni ndo hajui, basi uoga umeisha.

Hospitali usiende peke yako, nendeni wawili ili mgonjwa akitaka awatazame tu mkihangaishana nyie kwa nyie. Na ombeni ruhusa mlangoni. Mtoto akisema hapana mnaondoka kwa heshima zote, maana sindano na dawa haulizwi kama anataka.

Kama mchezo mnaoufanyia mazoezi hauna klauni, muombe mwongozaji akupe ule muda wa kubadilisha vitu vya steji, uingie na ngazi au kiti usichojua pa kukiweka, bila kuongea neno. Wengi wanakubali haraka, kwa sababu hapo ndo watu wanapochomoa simu.