Jibu: DVD za maktaba zinagoma kucheza
Mkuu, umeuliza kwa nini DVD mlizoagiza Marekani kwa ajili ya maktaba zinagoma. Angalia namba ya kanda (eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa; isipolingana na ya deki, haichezi) nyuma ya kasha: za Marekani ni 1, deki za Kenya na Tanzania ni 5. Agiza zenye 0 (hucheza kanda zote), au nunua deki inayosoma kanda zote (nafuu kuliko kurudisha mzigo). Kwa Blu-ray (diski za picha kali kuliko DVD), kanda ni herufi: Afrika ni B.

Kabla ya kuiingiza kwenye katalogi, cheza kila diski hadi mwisho; mikwaruzo ya ukingoni haijitokezi dakika za mwanzo. Rafuni weka makasha matupu, diski zikae kaunta zisiibwe.

Halafu kuazimisha si kuonyesha: mkitaka kuonyesha filamu ukumbini, ombeni kibali cha mwenye hakimiliki. Risiti ya duka haitoshi.