Simu ikishikwa, mtoa habari asishikwe nayo

SWALI: Ni ripota wa kujitegemea, napiga picha za maandamano. Simu yangu ndiyo kamera, ndiyo daftari, na ndimo nambari za watu wanaonidokezea habari zilimo. Askari akiinyakua nitawalindaje? Natumia Signal, ile programu ya kutumiana ujumbe kwa siri; haitoshi?
Ripota, Nakuru

JIBU: Haitoshi. Signal hulinda ujumbe ukiwa njiani. Simu ikinyakuliwa ikiwa wazi, aliyeishika anausoma kama unavyousoma wewe.

Anza na kufuli. Kabla ya kutoka nyumbani, zima alama ya kidole na utambuzi wa uso, kwani kidole chako kinaweza kukamatwa kikabandikwa kwenye kioo. Tumia nambari ya siri ya tarakimu 6 au zaidi, isiwe mwaka wa kuzaliwa. Mambo yakianza kuchafuka, izime kabisa. Simu iliyozimwa ni ngumu zaidi kuchokonolewa kuliko iliyojifunga skrini tu, kwa kuwa ile iliyokwisha kufunguliwa tangu iwashwe bado imebeba funguo za data kwenye kumbukumbu yake. Zima pia arifa zinazochomoza juu ya skrini iliyofungwa. Wengi husahau hapa, na jina la mtoa habari hujianika lenyewe.

Weka ujumbe ujifute baada ya saa 24. Kwenye WhatsApp, tazama bakapu, yaani nakala ya akiba ya gumzo zako: usipowasha usimbaji wake (kuifunga isisomeke na mwingine) katika mipangilio, gumzo ulilolifuta leo linaweza kuwa limekaa kwenye Google Drive tangu jana usiku. Mwenzako naye afanye hivyo hivyo, la sivyo umefunga mlango mmoja wa nyumba yenye miwili.

Kuna tundu ambalo programu haizibi. Mtu akikupigia simu ya kawaida hata mara moja, kampuni ya simu ina rekodi ya nani alimpigia nani, saa ngapi na kupitia mnara upi, na laini imesajiliwa kwa kitambulisho. Mwambie mapema asianze kwa kupiga.

Picha nazo husema. Zima kipengele cha kamera kinachoandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. WhatsApp huondoa taarifa hizo picha ikitumwa kama picha. Ikitumwa kama faili, zinakwenda nayo.

Nambari ya wakili iandike mkononi kwa kalamu, maana simu hutakuwa nayo. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, kunyamaza, na kuzungumza na wakili. Ukidaiwa nambari ya siri, mwite wakili kwanza. Unatakiwa kufikishwa kortini ndani ya saa 24, ila zikiishia siku isiyo ya korti, muda husogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni hukaa hadi Jumatatu. Ukitoka bila simu au kamera, ripoti kituoni na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Ukiwa na majeraha, omba na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako.

SWALI: Leso yenye ndimu au siki husaidia dhidi ya gesi ya machozi?
Mpiga picha, Kisumu

JIBU: Hapana, asidi huzidisha kuwasha. Usisugue macho. Toa lenzi za macho, sogea upepo unakotoka, kisha osha kwa maji safi dakika 10 hadi 15. Usijipake mafuta wala losheni kabla ya kwenda. Chembe za gesi hunasa humo.