Kupiga picha za maua ya ufukweni baada ya masika

Masika yakikatika, mchanga wa juu kule Nyali, Bamburi na Shanzu, Mombasa, hufunikwa na ule mmea utambaao, wenye majani mfano wa kwato za mbuzi na maua ya zambarau. Picha zake nyingi huharibika kwa sababu moja: mpigaji amesimama wima. Ua linakuwa doa, bahari inakuwa mstari. Piga magoti, ushushe kamera hadi sentimita 20 juu ya mchanga, ua litangulie na bahari ikae nyuma.

Maua haya hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo, kwa hiyo fika saa kumi na mbili na nusu. Jua likiwa chini mbele yako, mwanga hupenya petali na rangi huwaka. Saa tatu ikipita, vivuli vimeshakuwa vikali. Tazama maji pia: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ikifika saa nne yamekupwa hadi mwambani, na mandhari yako yamegeuka mwani na matope.

Kazi ngumu ni kupata ua na upeo wa bahari vyote vikiwa wazi. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), tundu la lenzi likiwa f/11, lenga kitu kilicho mita 1.75 mbele, na kuanzia takriban sentimita 90 hadi mbali kabisa kutakuwa wazi. Ukisogea karibu zaidi ya hapo, piga picha mbili au tatu, kila moja ukilenga umbali tofauti, kisha uziunganishe kwa programu. Ila upepo wa kusi ukivuma, mbinu hiyo haifai, maana ua halikai mahali pamoja. Heri urudi nyuma kufikia mita moja, upandishe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 800 na kasi ya shata iwe 1/250 ya sekunde.

Rangi ya zambarau huungua upesi, yaani mwanga huizidi ikapoteza undani wake, bila wewe kugundua. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu). Kwenye simu, gusa ua kisha uteremshe alama ya jua.

Tafadhali usikanyage matawi. Ndiyo yanayoshika mchanga usichukuliwe na mawimbi.

Kamera iliyolala chumba chenye AC hufunga ukungu ikitoka nje. Iache nusu saa ndani ya mkoba uliofungwa. Na chumvi ikitua kwenye lenzi, puliza mchanga kwanza kwa pampu ya mpira, ndipo ufute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Ukifuta kikavu, chembe hukwaruza kioo.